Sanamu ya Mwalimu haibishani

Jamani, leo nina hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Jambo lenyewe ni haya masanamu.

Tarehe 18 Februari 2024, kule Addis Ababa, viongozi wa Afrika walizindua sanamu ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, mbele ya jengo la Amani na Usalama ambalo nalo limepewa jina lake. Kazi hiyo ilisimamiwa na SADC. Hotuba zikasomwa, makofi yakapigwa, picha zikamiminika kwenye simu zetu. Halafu Wabongo tukafanya kile tunachokiweza kuliko mataifa yote: tukaanza kubishana kuhusu sura. Eti hajafanana. Eti fundi hakumjua Mzee. Kijiweni kwetu mjadala wa pua na paji la uso ulikwenda siku tatu.

Mimi sina ugomvi na pua. Nimezaliwa Mwalimu akiwa ameshazikwa Butiama. Nimemjua kwenye noti ya shilingi elfu moja, kwenye picha ya ukutani ofisini kwa mtendaji wa kata, na kwenye redio kila Oktoba inapofika. Hata fundi angekosea masikio ningemtambua tu, kwa sababu ya fimbo.

Ugomvi wangu ni mwingine. Tunamjengea Mwalimu kila kitu isipokuwa nafasi ya kubishana naye. Na mzee ambaye huruhusiwi kubishana naye hajaheshimiwa, amenyamazishwa.

Hebu tuhesabu kwanza. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam ni wake. Barabara ya kwenda uwanjani ni yake. Ukumbi mkubwa wa mikutano mjini ni wake. Chuo cha Kivukoni ni chake. Daraja la Kigamboni ni lake. Hifadhi ya taifa iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019 ni yake. Bwawa la Rufiji, megawati 2,115, ni lake. Dodoma kuna Nyerere Square na sanamu ndani yake. Kibaha kuna shule ya uongozi yenye jina lake, iliyozinduliwa Februari 2022 na vyama sita vilivyopigania ukombozi kusini mwa Afrika, kwa msaada wa Wachina. Na Butiama, pale Mwitongo, kuna kaburi, na jirani yake makumbusho.

Sasa niambie, msomaji wangu: katika orodha yote hiyo, ni wapi kijana anakwenda, anakaa, anafungua kitabu cha Mwalimu, anainua mkono na kusema, "Mzee, hapa sikubaliani na wewe"?

Nasubiri.

Turudi Addis, maana pale kuna kichekesho ambacho sijaona mtu akikicheka. Jengo la Amani na Usalama linaloitwa Julius Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, na fedha za kulijenga zilitoka Ujerumani. Makao makuu yenyewe, yaliyofunguliwa Januari 2012, ni zawadi ya China ya dola milioni 200. Sawa, zawadi haikataliwi. Lakini huyu mzee aliwahi kukataa! Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilikasirishwa na Tanzania kwa kuruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki jijini Dar es Salaam. Bonn ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ikidhani tutapiga magoti. Mwalimu akawaambia wachukue na ule uliobaki. Desemba mwaka huo huo akavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Nchi ilikuwa na uhuru wa miaka minne tu!

Miaka 51 baada ya ule ugomvi na Bonn, fedha za Ujerumani zinajenga nyumba, na nyumba inapewa jina la mtu yule yule. Mimi sisemi ilikuwa vibaya kupokea. Labda dunia imebadilika, labda Ujerumani ile siyo hii, labda mwenyewe angepokea na kusema asante. Ninachosema ni kwamba hilo ni swali zuri kabisa la kujadili, na palikuwa na mahali pazuri kabisa pa kulijadilia: mlangoni. Kibao kimoja tu, chenye kisa cha 1965. Mgeni anayeingia kujadili amani ya Afrika kwa fedha za wafadhili akisome, aingie ndani akiwa na aibu kidogo. Hiyo ingekuwa heshima kwa Mwalimu. Jina ukutani, bila kisa chake, ni pambo.

Kuna kichekesho cha pili. Kwenye uwanja huo huo wa Addis kuna sanamu ya Kwame Nkrumah, iliyozinduliwa siku makao makuu yalipofunguliwa mwaka 2012. Waethiopia wengi walinung'unika wakati ule, wakiuliza Haile Selassie yuko wapi, na mwaka 2019 naye akasimamishwa yake. Sasa wazee watatu wako pale wametulia kama abiria wanaosubiri daladala.

Lakini Nkrumah na Nyerere hawakuwa wametulia! Cairo, Julai 1964, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za OAU, walirushiana maneno makali. Nkrumah alitaka serikali moja ya Afrika, na aliitaka sasa hivi. Aliponda utendaji wa Kamati ya Ukombozi, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Aliona mashirikisho ya kikanda, kama lile la Afrika Mashariki tulilokuwa tukilipigania, yatakuwa kikwazo kwa umoja wa bara zima. Mwalimu akamjibu, na hakumjibu kwa adabu ya kidiplomasia. Yeye aliamini katika kwenda hatua kwa hatua. Ni kwenye mkutano huo huo ambapo Tanganyika ilisimamia azimio la kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Ndiyo, ile mipaka ambayo mfanyabiashara wa vitunguu anasota nayo hadi leo, Namanga na Tunduma.

Miaka 33 baadaye, Machi 1997, Ghana ilipotimiza miaka 40 ya uhuru, Mwalimu alisimama Accra akazieleza tofauti zao hadharani, na akampa Nkrumah heshima yake kama mpiganaji mkuu wa umoja wa bara hili. Mnaona utamu wa jambo hili? Wazee wawili wanagombana kuhusu kitu kikubwa, mmoja anafariki ugenini, aliyebaki anarudi nyumbani kwa mwenzake kuumalizia ule mjadala. Huo ndio Upan-Afrika wenyewe, ugomvi wa watu wanaopenda kitu kimoja. Na sisi tumechukua ugomvi huo wote tukaumwagia shaba.

Kuna mtu atasema sanamu kazi yake ni hiyo hiyo, haiwezi kusimulia. Si kweli. Nendeni Accra, angalau kwa kuangalia picha kama nauli hatuna. Sanamu ya Nkrumah ilisimamishwa mwenyewe akiwa bado madarakani. Jeshi lilipompindua Februari 1966, watu wakaiangusha. Nkrumah akafia Bucharest mwaka 1972, akazikwa Guinea, kisha kijijini kwao Nkroful, na mwaka 1992 ndipo alipohamishiwa kwenye eneo la kumbukumbu katikati ya Accra, penye sanamu mpya inayong'aa na kaburi la heshima kubwa. Lakini Waghana walifanya jambo moja la akili sana: ile sanamu ya zamani iliyovunjwa hawakuificha. Iko pale pale kwenye eneo la kumbukumbu, kiwiliwili bila kichwa, na kichwa kimewekwa peke yake pembeni. Mtoto wa shule akifika lazima aulize, "Kwa nini huyu hana kichwa?" Na mwalimu wake lazima ajibu. Hapo somo limeanza.

Sisi hatuna sanamu iliyovunjwa, na ni jambo la kujivunia. Mwalimu hakupinduliwa. Aliondoka mwenyewe mwaka 1985, kwa miguu yake, wakati wenzake wengi walikuwa wakitoka Ikulu kwa jeneza au kwa helikopta. Lakini kwa sababu hatukuwahi kumvunja, tumejikuta hatujui kumuuliza. Tumetoka kwenye kumtii tukaingia moja kwa moja kwenye kumwabudu, bila kusimama kituo cha katikati kinachoitwa kumsoma.

Mzee huyu huyu aliandika kijitabu mwaka 1962, uhuru ukiwa hata mwaka haujatimiza, akakiita "Tujisahihishe". Jina lenyewe linajieleza. Aliwaambia wenzake wa TANU kwamba chama ambacho watu wake wanaogopa kuambiana ukweli kitaoza. Hakukiita "Wasahihisheni Wengine". Alijiweka na yeye humo ndani. Halafu mtu wa namna hiyo ndiye tunayemfanyia sherehe ambayo hata swali moja haliruhusiwi?

Na maswali yapo, tena mengi. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na Mwalimu aliitumia. Tuzungumze. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa kulazimishwa, wengine nyumba zao zikichomwa moto. Tuzungumze. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972, vyama vya ushirika vikafutwa 1976, vyote vikaja kurudishwa miaka ya themanini, na mwenyewe akakiri waziwazi kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Umesikia hilo likisemwa kwenye hotuba ya Oktoba 14? Tarehe 13 Aprili 1968, siku aliyotimiza miaka 46, Tanzania iliitambua Biafra, yaani mtu aliyesimamia azimio la mipaka Cairo ndiye aliyekuja kuitambua nchi iliyojitenga. Alikuwa na sababu zake, akaziandika, na ni sababu nzito za uhai wa watu. Alikuwa sahihi? Mimi nina jibu langu. Wewe je? Hatujawahi kuulizwa.

Sasa tusogee Butiama, maana huko ndiko sanamu inapogeuka kuwa jambo zito zaidi.

Kaburi la Mwalimu limekuwa mahali pa kuhiji, na sioni ubaya. Viongozi wanakwenda kuweka mashada. Waumini wanakwenda kusali. Mwaka 2005 Kanisa Katoliki lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, ndiyo maana wenzetu Wakatoliki wanamwita Mtumishi wa Mungu, na huko Namugongo, Uganda, kila Juni mosi wanamwombea. Hayo ni mambo ya imani na siyaingilii.

Ila angalieni jambo hili la ajabu. Kanisa, ambalo linatafuta kama mtu huyu anaweza kuwa mtakatifu, linakusanya kila alichoandika, linawahoji mashahidi, na linapokea ushahidi wa kumkweza pamoja na wa kumpinga. Madhaifu yake yanachunguzwa kwa makini. Serikali na chama, ambavyo havina kazi ya kupeleka mtu mbinguni, vinataka tuamini kwamba alikuwa hana dosari tangu mwanzo! Yaani Kanisa linamtilia Mwalimu shaka kuliko Wizara. Inaingia akilini kweli?

Na hata tukiacha Kanisa, turudi kwa mababu. Kaburi la mzee katika mila zetu nyingi halikuwa mahali pa kimya. Mtu alikwenda kutambika akiwa na pombe na maneno. Alishukuru mvua. Aliomba mtoto. Na mambo yakimwia magumu, alilalamika: "Babu, umetuacha, ng'ombe wanakufa, wewe umelala tu, tumekukosea nini?" Mzimu uligombezwa, na uligombezwa kwa sababu ulikuwa bado ni mtu wa nyumbani. Hii ibada mpya ya utepe, zulia jekundu na mgeni rasmi haina mizizi kwa babu wala haina mizizi kanisani. Ni ibada ya protokali. Mzimu wa protokali haugombezwi na mtu.

Najua majibu mtakayoniletea. La kwanza: "Wewe kijana huna adabu, hukuwepo." Kweli, sikuwepo. Ndiyo maana ninahitaji kuambiwa, na sanamu haisemi. Aliyekuwepo ana kumbukumbu, mimi nina shaba tu. Mkinipa shaba peke yake, siku nitakapokuwa na njaa nitaiuza kwa kilo kwa mnunua vyuma chakavu. Natania, lakini siyo sana.

La pili: "Kila taifa lina alama zake, tukianza kumkosoa hadharani wenye chuki watapata silaha." Lakini wenye chuki wanayo silaha tayari, nayo ni ukimya wetu. Kijana anayefundishwa kwamba Mwalimu hakukosea, akija kusikia mara ya kwanza kuhusu vijiji kutoka kwa mtu mwenye chuki, anaona amedanganywa kwa kila kitu. Anatupa na Azimio, anatupa na ukombozi, anatupa na Kiswahili. Angesikia kutoka kwetu kwanza, angeweza kubeba vyote viwili.

La tatu ndilo lenye uzito, nalo linasema: "Afrika imedharauliwa mno, wazee wetu hawana hata sanamu ugenini wala nyumbani, acha tuwasimamishe kwanza, maswali baadaye." Hili nalielewa, hata moyo unanigusa. Wakoloni walijaza miji yetu mashujaa wao. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa na sanamu ya Wissmann kabla Waingereza hawajaiondoa. Sawa, tuwasimamishe wetu. Lakini Wissmann alisimamishwa ili tumwogope. Kama na Mwalimu tunamsimamisha ili watu waogope kuuliza, tutakuwa tumebadilisha pua tu.

Nifanye nini basi, nilalamike tu? Hapana. Mfano mzuri tunao, na upo Morogoro. Mazimbu palikuwa na shamba la mkonge. Mwishoni mwa miaka ya sabini serikali yetu iliwapa ANC ardhi, wakajenga shule ya wakimbizi wa ubaguzi wa rangi, wakaiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Wenyewe waliporudi kwao, majengo yakabaki, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi ya wapigania uhuru yapo pale pale. Mwanafunzi anatoka darasani kujifunza hesabu, anapita jirani na mtu aliyekufa akiwa na ndoto. Hakuna zulia jekundu. Kuna watu wanaosoma, na wafu wamelala karibu na kelele za vijana. Mimi sijaona patakatifu pazuri kuliko hapo.

Kwa hiyo madai yangu ni manne, na yote kwa pamoja ni rahisi kuliko sanamu moja ya shaba.

Mosi, "Tujisahihishe" ichapwe upya, kijitabu cha bei ya andazi na chai, kiwepo Butiama, kiwepo kila shule ya sekondari. Hotuba zake kubwa ambazo vitabu vyake maarufu vimezikusanya kwa Kiingereza zipatikane kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye mwenyewe alimtafsiria Shakespeare.

Pili, penye kila kumbukumbu yake pawekwe ugomvi wake. Addis, kisa cha Cairo kati yake na Nkrumah. Mlangoni pa jengo la Wajerumani, kisa cha 1965. Butiama, ukuta mzima wa vijiji vya ujamaa, waliovipenda na waliochomewa nyumba, kwa sauti zao wenyewe.

Tatu, wazee wa Kongwa na Nachingwea wahojiwe sasa. Huko Waingereza walishindwa kulima karanga, na huko huko wapigania uhuru wa Msumbiji na wenzao wakaja kupiga kambi. Waliowapokea, waliouziana nao mahindi, waliooana nao, walikuwa wakulima wa kawaida. Aliyekuwa na miaka 20 Kongwa ilipoanza mwaka 1964, leo amevuka 80. Sanamu inaweza kusubiri miaka mia. Bibi huyu hawezi. Waandishi wenzangu, hapa ninawasema na nyinyi: Oktoba ikifika msiniletee tena makala ya "tuyaenzi mema ya Mwalimu". Pandeni basi la Kongwa.

Nne, Oktoba 14 iwe siku ya mdahalo. Hotuba moja ifutwe, muda wake wapewe vijana wa shule za kata wamsute Mwalimu na wenzao wamtetee, mbele ya mgeni rasmi, bila kupewa maswali ya kukariri. Mgeni rasmi akikosa raha, ajue sherehe imefana.

Tulimwita Mwalimu, hatukumwita Mtukufu. Kabla ya siasa alifundisha Tabora na Pugu, na jina la kazi ile alibaki nalo hadi kaburini. Mwalimu ambaye darasa lake lote limekaa kimya, limekunja mikono, linamtazama tu, kwa kawaida huwa anauliza jambo moja: hivi mmeelewa, au mnaniogopa?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nisahihisheni. Nawasilisha.